Kwa nini degedege likichelewa kutibiwa dawa hugoma? Tuijadili GABA

Mwalimu wa Busisi

Wanajukwaa, habari za leo. Naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa kuwa jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu mwaka 2014.

Usiku mmoja wa mwaka huo mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka minne, alikakamaa ghafla nyumbani kwetu Busisi baada ya kushinda na homa mchana kutwa. Tulimbeba mbio hadi kivukoni, tukakuta kivuko kiko ng'ambo, Kigongo, taa zake zikimetameta juu ya maji wala hazisogei. Niliketi chini nikamlaza mapajani. Macho yalikuwa yamepinduka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukigonga kifungo cha koti langu kwa mdundo mmoja usiobadilika, mdundo ambao hadi leo nikikaa kimya nausikia. Baba mmoja mwenye nia njema alimshindilia kijiko cha chuma kati ya meno ili asijing'ate ulimi, na jino moja la mbele likakatika. Mpaka tunamfikisha mikononi mwa tabibu, zaidi ya dakika 40 zilikuwa zimepita. Alipewa diazepamu, hakutulia, wakarudia, hakutulia, alitulia baada tu ya kudungwa fenobabitali. Tabibu akaniambia maneno ambayo wakati ule sikuyaelewa, kwamba dawa ileile ya kwanza ingemtosha kama angefika mapema.

Nilijiuliza kwa muda mrefu dawa inawezaje kugoma kwa sababu ya kuchelewa tu. Sumu ya nyoka najua inasambaa mwilini, na kidonda najua kinaoza, lakini degedege nililiona ni lilelile la mwanzo, na dawa ni ileile. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, si daktari. Hata hivyo nilianza kusoma kila nilichoweza kukipata, na jibu nililolikuta linahusu kemikali moja ndogo ya ubongo iitwayo GABA, kifupi cha asidi ya gama-aminobutiriki.

Seli za neva huambizana mambo kwa kemikali. Glutameti huichochea seli ya jirani ifyatuke, na GABA huizuia isifyatuke. Lililonishangaza ni kwamba GABA hutengenezwa kutokana na glutameti yenyewe: kimeng'enya kiitwacho GAD, kikisaidiwa na vitamini B6, hukiondolea kile kichocheo kipande kimoja chenye kaboni, na kinachobaki ni kizuizi. Katika gamba la ubongo wetu, takriban seli moja kati ya kila tano kazi yake ni kutoa kizuizi hiki. Bila seli hizo, cheche inayoanzia mahali padogo ingeenea ubongo mzima kama moto wa nyika mwezi wa Agosti, na huko kuenea ndiko tunakokuona kwa macho mtu anapoanguka kifafa.

Kemikali hii iligunduliwa katika ubongo mwaka 1950, nchini Marekani, na Eugene Roberts pamoja na Sam Frankel, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua inafanya nini humo. Wakati huohuo Ernst Florey alikuwa na kimiminika alichokikamua kutoka kwenye ubongo wa wanyama, ambacho kilizinyamazisha neva za kamba wa maji baridi. Mwaka 1957 yeye na wenzake Bazemore na Elliott, wakiwa Kanada, walibainisha kwamba kinachonyamazisha ndani ya kimiminika kile ni GABA. Hapo ndipo watu walipoanza kuelewa kwamba ubongo una breki yake, na kwamba breki hiyo ina jina.

Sasa nifike kwenye swali langu. GABA hufanya kazi kwa kugusa vipokezi vilivyo juu ya utando wa seli. Aina iitwayo GABA-A ni mlango uliojengwa kwa vipande vitano vya protini. GABA ikiugusa, unafunguka, kloraidi (chembe zenye chaji hasi, kama zile zilizomo kwenye chumvi) inaingia ndani, na seli inakuwa nzito kufyatuka. Diazepamu haiufungui mlango huo yenyewe, bali huufanya ufunguke mara nyingi zaidi pindi GABA inapougusa. Fenobabitali huufanya ukae wazi kwa muda mrefu zaidi kila unapofunguka. Dawa zote mbili, kwa hiyo, zinategemea mlango uwepo.

Degedege likiendelea, milango hii huanza kuvutwa kutoka juu ya utando na kuingizwa ndani ya seli, mahali ambapo dawa haiwezi kuitumia. Mwaka 1997 watafiti Kapur na Macdonald walionyesha kwa panya jinsi dawa inavyogoma kadiri muda unavyokwenda: waliotibiwa baada ya dakika 10 za degedege walitulizwa na kipimo kidogo cha diazepamu, lakini waliotibiwa baada ya dakika 45 walihitaji kipimo kikubwa takriban mara kumi. Niliposoma hesabu hiyo niliifunga kompyuta nikatoka nje, kwa sababu dakika zile zilikuwa zangu. Diazepamu ilifika kwa mwanangu ikakuta milango mingi haipo tena mahali pake.

Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na kila nikilivuka kwa dakika chache huwa nawaza hayo. Lakini wapo wenzetu wa Ukerewe na visiwa vingine ambao bado wanasubiri chombo, na wapo wengi bara ambao barabara wanayo, ila wanachelewa kwa kuambiwa wasubiri degedege lipite lenyewe. Ningependa tulijadili hili.

Kijana wa Mwaloni

Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa uzi huu, na nakupa pole kwa yaliyompata mdogo wetu. Nina swali ambalo huenda liko kando kidogo. Baba yangu mdogo ni mvuvi wa dagaa hapa Kirumba, na kwa miaka mingi amekuwa akinywa gongo kila anaporudi alfajiri. Mwaka jana aliumia mguu, akalala ndani bila kunywa chochote, na siku ya pili akaanguka akatetemeka mwili mzima, ilhali hajawahi kuugua kifafa maishani mwake. Nyumbani walisema wenzake wa mtumbwi wamemfanyia jambo. Je, GABA unayoisema inaweza kuhusika?

Mwalimu wa Busisi

Marahaba mwanangu. Swali lako halipo kando hata kidogo. Pombe hukandamiza ubongo kwa sehemu kubwa kupitia vipokezi hivihivi vya GABA-A. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha ili uweze kufanya kazi ndani ya pombe: vipokezi vya kuzuia hupunguza usikivu wake, na vya kuchochea huongezeka. Pombe ikiondolewa ghafla, breki imelegea na kichocheo kimejaa, na degedege hutokea mara nyingi kati ya saa 6 na saa 48 tangu glasi ya mwisho. Siku ya pili ya baba yako mdogo inaangukia ndani ya saa hizo. Kwa hiyo siwaoni wenzake wa mtumbwi katika habari hii, na nakusihi uwaambie nyumbani, maana watu huvunja undugu kwa jambo ambalo maelezo yake yapo.

Ongeza na hili: mnywaji wa kiasi hicho akitaka kuacha, aachie chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya. Mara nyingi wao humpa dawa ya jamii ya diazepamu kwa siku chache, wakiipunguza kidogo kidogo, ili breki ya ubongo ipate muda wa kurudi.

Muuguzi Ilemela

Mwalimu, umeeleza vizuri, lakini niruhusu niongeze mambo mawili kama mtu niliyekaa wodini miaka mingi. La kwanza ni onyo. Diazepamu na fenobabitali zikikutana mwilini zinaweza kuipunguza pumzi hadi ikakoma, na ndiyo sababu tunazitoa tukiwa tumesimama kando ya mgonjwa, tukihesabu pumzi zake. Asitokee mtu akasoma uzi huu kisha akaenda kununua dawa za kuweka kabatini.

La pili ni hiyo vitamini B6 uliyoitaja kwa sentensi moja ukapita, nayo ina habari kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Marekani kulikuwa na watoto wachanga waliopata degedege lisiloeleweka, na ikaja kugundulika kwamba wote walinyweshwa maziwa ya kopo ya aina moja, ambayo wakati wa kutengenezwa yalipashwa moto hadi vitamini B6 ikapungua mno. Walipopewa vitamini hiyo, degedege lilikoma. Bila B6, kimeng'enya cha GAD hakifanyi kazi, na GABA haitengenezwi ya kutosha.

Jambo hili tunalo pia hapa kwetu kwenye kliniki za kifua kikuu. Dawa ya isoniazidi huikorofisha B6 mwilini. Kwa dozi ya kawaida tunampa mgonjwa piridoksini, ambayo ndiyo B6 yenyewe, hasa ili asipate ganzi na kuwaka moto miguuni. Lakini mtu akimeza isoniazidi nyingi kwa mpigo, iwe ni mtoto aliyeichezea au mtu aliyekata tamaa, hupata degedege ambalo diazepamu peke yake inaweza ikashindwa kulizima, kwa kuwa inaisaidia GABA ambayo haipo. Tiba yake ni piridoksini kwa wingi. Tafadhalini, wekeni vidonge hivyo mbali na watoto.

Nitaje na pepopunda, kwa sababu wengi hawajui kwamba ni ugonjwa wa jamii hiyohiyo. Sumu ya mdudu wa pepopunda husafiri kwenye neva hadi uti wa mgongo, ikakikatakata kile kiungo kinachoviwezesha vifuko vya GABA na glisini, kizuizi kingine cha neva, kumwaga kemikali yake. Vipokezi vipo, GABA ipo, ila haimwagwi. Misuli inakaza bila kizuizi, taya zinafungana, mgongo unapinda kama upinde, na mgonjwa ana akili zake timamu wakati wote. Nimemuuguza mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki akapuuza kidonda. Tulifunga mapazia ya chumba chote, kwa sababu hata mlio wa bakuli kuanguka ulimtia mshtuko mpya wa mwili mzima. Chanjo inalizuia jambo hili lote.

Mkulima wa Kwimba

Wakuu, mimi nalima pamba, na somo hili limenigusa kutoka upande ambao sikuutarajia. Zamani tulikuwa tukipulizia endosalfani. Wazee walituonya kwamba mtu akiivuta au akiila bila kunawa anaanguka kama mwenye kifafa, nasi tulidhani ni namna ya kututisha tu. Dawa hiyo inahusianaje na haya mnayoyasema?

Mwalimu wa Busisi

Wazee waliona sawasawa. Endosalfani huziba mlango uleule wa GABA-A, ile njia ya kloraidi. Mdudu anayepuliziwa hufa kwa sababu neva zake zinafyatuka bila kizuizi, na mwanadamu aliyeingiwa na kiasi kikubwa hupata degedege kwa sababu hiyohiyo. Mlango wa GABA ni wa kale sana kiasi kwamba sisi na funza wa vitumba tunao kwa pamoja, ingawa haufanani kwa kila kipande. Mwaka 2011 endosalfani iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kemikali zinazopaswa kuondolewa duniani.

Wakazi wa ziwani mtakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kutokana na habari za watu kuvua kwa viuatilifu, na viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza vikayumba. Tulilizungumza kama jambo la biashara. Laiti tungelizungumza pia kama jambo la ubongo wa mtoto anayekula samaki yule.

Sumu yenye kufanya kazi kinyume chake nayo ipo, na tumeinywa sisi wenyewe utotoni. Piperazini, ile dawa ya maji ya minyoo, humfanyia mnyoo kazi ya GABA: misuli yake inalegea, anashindwa kujishikilia utumboni, anatoka na choo.

Mama wa Nyamanoro

Mwalimu na dada muuguzi, Mungu awabariki. Nina mambo mawili. Kuna kijana anapita mtaani kwetu akiuza vidonge vya kopo vilivyoandikwa GABA, anasema vinatuliza ubongo, vinaondoa msongo, na hata mgonjwa wa kifafa akivitumia anaweza kuachana na dawa za hospitali. Bei yake si ndogo. La pili, binti yangu amejifungua, na mtoto alipata degedege siku ya pili. Fenobabitali haikumtuliza upesi kama tulivyotarajia, ingawa alitibiwa papo hapo na hapakuwa na kuchelewa kokote. Hilo nalo linaelezwaje?

Mwalimu wa Busisi

Mama, pole kwa mjukuu. Kuhusu kopo, okoa fedha zako. GABA inayomezwa haivuki kwa urahisi ukuta unaotenganisha damu na ubongo, na kama ingevuka kirahisi hivyo, watafiti wasingehangaika miaka yote hii kutafuta njia za kuzunguka. Walitengeneza hata gabapentini kwa kuiga umbo la GABA ili ipenye, na ilipopenya ikabainika kwamba inafanya kazi mahali pengine kabisa, kwenye njia za kalisi. Kumwambia mgonjwa wa kifafa aache dawa zake kwa ajili ya kopo ni kumhatarisha maisha, na nasema hivyo bila kupunguza neno.

Swali la mjukuu namwachia muuguzi.

Muuguzi Ilemela

Mama, nimeshika watoto wa namna hiyo mikononi, na swali lako ni mojawapo ya yale yanayowashughulisha watafiti hadi sasa. Kwa mtu mzima, kloraidi ndani ya seli ya neva ni kidogo, kwa hiyo mlango wa GABA ukifunguka inaingia na kuizuia seli. Kwa kichanga, ndani ya seli nyingi kloraidi imejaa, kwa kuwa pampu ya kuitoa nje haijakomaa. Mlango ukifunguka, kloraidi inaweza kutoka badala ya kuingia, na kile tulichokiita breki kikasukuma mbele. Yehezkel Ben-Ari na wenzake huko Ufaransa walilionyesha hili kwa vichanga wa panya mwaka 1989. Lilielezea kitu ambacho wauguzi tulikuwa tukikiona bila kukielewa.

Yalifanyika majaribio ya kuongeza dawa ya bumetanidi ili kupunguza kloraidi hiyo, lakini jaribio moja lililofanyika Ulaya lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa haikuonyesha kusaidia na kulikuwa na wasiwasi wa watoto kupoteza usikivu. Fenobabitali bado ndiyo dawa ya kuanzia kwa kichanga. Muhimu ni kutafuta chanzo, kama sukari kushuka, maambukizi, au mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kumrudisha kliniki hata akionekana mzima.

Mzee wa Ukerewe

Nawasalimu wote. Mimi ni mtu mzima na nitasema wazi. Huku kwetu degedege tangu zamani lilipelekwa kwa mganga, na wapo waliopona. Sipendi vijana waliosoma wakiwadharau wazee wao.

Mwalimu wa Busisi

Shikamoo mzee wangu. Sitawadharau, kwani bibi yangu mzaa mama alikuwa akiitwa usiku kwa ajili ya watoto wa namna hiyo, na nilimbebea kibuyu chake. Degedege nyingi za homa hukoma zenyewe ndani ya dakika chache, kwa sababu GABA ya mtoto mwenyewe imeushinda moto. Hao ndio waliopona, na mganga alikuwepo. Kwa wale ambao halikukoma, muda ulikwenda. Ombi langu ni kwamba likipita dakika 5 mtoto awe ameshaanza safari ya kituo cha afya, na kama familia inataka kumwita mzee wa kumwombea, amwombee njiani.

Kijana wa Mwaloni

Mwalimu, samahani kwa kurudi tena. Mdogo wetu sasa yukoje?

Mwalimu wa Busisi

Yupo kidato cha tatu. Baada ya usiku ule alipata kifafa, na amekuwa akitumia fenobabitali kila jioni, dawa ambayo Alfred Hauptmann wa Ujerumani aliieleza kwa kifafa mwaka 1912, na ambayo Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi lilikuwa likiipendekeza kwa nchi kama yetu kwa kuwa inafaa na ni ya bei nafuu. Shirika hilohilo linasema hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Mwanangu ni mmoja wao, isipokuwa wiki tatu za mwaka 2019 ambapo vidonge viliadimika kila tulipokwenda, nami sikujua kwamba kuvikatisha ghafla ni kama kumkatisha baba yako mdogo gongo. Alianguka mara nne katika siku mbili, mara moja kando ya jiko la mkaa, na kovu lipo mkononi. Tangu hapo nina kopo la vidonge vya mwezi mmoja zaidi, nalo nalihesabu kila Jumapili jioni.

Anapenda ziwa kuliko vitabu, na amekuwa akiniomba aende na wajomba zake kuvua dagaa usiku. Daktari wake alikataa mtumbwini, kwa sababu kuanguka majini gizani hakuna wa kukuona. Kwa hiyo anashona nyavu. Jana amemaliza kuziba tundu la wavu wa mjomba wake, kubwa kiasi cha kupitisha kichwa cha mtu, na mjomba amekuja kumlipa.